Chupa yako ya kwanza ya Syrah: ipi ianze, ipi isubiri

Syrah na Shiraz ni zabibu ileile. Nalitanguliza hili kwa sababu nimeshaona mtu akibeba chupa mbili akidhani anaenda kulinganisha zabibu mbili. Wafaransa huiita Syrah, Waaustralia Shiraz, na wakulima wa nchi nyingine huchagua jina kwa kuangalia divai waliyoitengeneza. Kwa kawaida lebo ya Shiraz inakuandaa kwa divai nzito, tunda lililoiva mno, karibu na jamu. Ikiandikwa Syrah, tegemea pilipili manga, moshi kidogo na uchachu unaoamsha ulimi. Si sheria, lakini ni dalili ya kuaminika. Ile hadithi tamu kwamba ilitoka mji wa Shiraz kule Iran ilizimwa na vipimo vya vinasaba mwaka 1998: wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote za kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Kipimo changu hapa chini si umaarufu. Ninatafuta chupa itakayokufundisha zabibu hii jioni ileile unayoifungua.

Ya kwanza, bila kusita, ni Crozes-Hermitage. Ndilo eneo lenye mashamba mengi kuliko yote ya kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, kwa hiyo chupa zake hupatikana kwa urahisi, na nyingi hunyweka zikiwa na miaka miwili au mitatu tu. Mimina kidogo, zungusha glasi, ingiza pua. Rangi ni zambarau iliyokolea, na ukingoni inang'aa kama wino mbichi. Kabla tunda halijafika, utahisi kama kuna mtu anasaga pilipili manga chumba cha pili. Harufu hiyo inatokana na rotundoni, kemikali iliyomo pia ndani ya pilipili manga yenyewe. Watafiti wa Australia walitangaza ugunduzi huo mwaka 2008. Kwenye mashamba yenye ubaridi huwa nyingi zaidi. Katika utafiti huo, kama mtu mmoja kati ya watano hakuisikia kabisa hata ilipoongezwa, kwa hiyo mwenzako akikuambia haoni pilipili yoyote, usimbishie. Pua yake haina mlango huo.

Ya pili ni Shiraz ya Barossa, Australia Kusini. Mdudu filoksera, aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hajafika huko, na ndiyo maana mizabibu iliyopandwa mwaka 1843 ingali ikizaa. Divai yake ni nene, laini, na ladha za zambarau na chokoleti, mara nyingine vanila ya pipa la mwaloni. Geuza chupa usome alkoholi: 14.5 au 15 kwa mia ni jambo la kawaida huko. Ikitua kooni na joto, sababu ni hiyo. Kifuniko cha kuzungusha kisikutie shaka, Waaustralia hukiweka hata kwenye chupa za hadhi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ukianza nayo, nyingine zote zitaonekana nyembamba.

Swartland ya Afrika Kusini ningeipa nafasi ya tatu, nayo iko katikati ya hizo mbili: jua la kutosha, mizabibu mingi isiyomwagiliwa, ila watengenezaji wengi wanapenda mkono mwepesi. Hapa jina la mtengenezaji lina uzito kuliko jina la eneo. Languedoc, kusini mwa Ufaransa, ni ya nne. Huko Syrah mara nyingi huchanganywa na Grenache, divai nzuri ya kunywa siku yoyote, lakini kwa anayetaka kuijua zabibu yenyewe mchanganyiko unamfichia.

Mwisho kabisa nimeweka Hermitage na Cornas, nazo za kaskazini mwa Rhône. Ndiyo, mwisho. Cornas kwa sheria ni Syrah tupu, na Hermitage hutoka kilima kimoja tu juu ya mto Rhône. Divai zao nzuri huhesabiwa miaka kumi au zaidi kabla ya kulainika. Mimi niliifungua Hermitage ikiwa na miaka mitatu, nikijiona mjanja. Ukakasi ulinikaza fizi kama nimetafuna ndizi mbichi, tunda likawa limejifungia ndani. Kesho yake, katika nusu chupa iliyobaki, ndipo harufu ya zeituni nyeusi na nyama iliyobanikwa ilipojitokeza. Kama huna mahali penye ubaridi na giza pa kuitunza, acha. Ukiipata ya zamani, isimamishe siku nzima kabla ya kufungua ili mashapo yatue, kisha mimina taratibu.

Yoyote utakayochagua, iwe nyuzijoto 16 hadi 18. Chumba kikiwa na joto, dakika 20 za friji zitatosha. Ikiwa vuguvugu, alkoholi ndiyo itakayosikika peke yake.

Na ukikuta lebo ya Petite Sirah, usidhani ni Syrah ya kimo kifupi. Hiyo ni Durif, mtoto wa Syrah na Peloursin, na ukakasi wake unamshinda mzazi.