Sanduku la miundo ya atomi: linunue kwa ajili ya gololi

Walimu wenzangu wa Kemia, na wazazi wenye vijana wa kidato cha pili, kuna sanduku la miundo ya atomi linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule pale Kariakoo. Nimelitumia muhula mzima na wanafunzi wangu hapa Morogoro. Nilianza kutajiwa shilingi 80,000, tukapatana kwa 65,000. Juu ya boksi hakuna jina la kiwanda; mtalitambua kwa kifuniko cha kijani chenye picha ya kiini chekundu na pete za bluu.

Ndani mna vielelezo vya wanasayansi wanne walioeleza atomi ikoje: tufe la mbao la Dalton, tufe la plastiki angavu la Thomson lenye shanga ndani yake (plastiki ni chaji chanya, shanga ni elektroni, chembe zenye chaji hasi), ubao wa gololi wa Rutherford, na pete za waya za Bohr. Pia mna bango la ukutani na kijitabu chembamba.

Nianze na ubao, maana huo peke yake unarudisha pesa yako. Katikati una kilima cha plastiki, mbavu zake zikianza taratibu halafu zikisimama wima karibu na kilele. Juu yake unaweka kibao kinachokificha, kikiacha uwazi pande zote. Mwanafunzi anaachilia gololi kutoka kwenye mteremko mdogo, anaangalia imetokea wapi, anachora mstari kwenye karatasi, anasogeza mteremko kidogo, anarudia. Gololi nyingi zinapita kama vile humo hamna kitu. Chache zinapinda. Mara moja moja, moja inarudi ilikotoka, na hapo darasa zima linapiga kelele.

Vijana wangu wawili walibishana vikali. Mmoja alisema chini ya kibao kumepigiliwa msumari. Mwenzake akakataa: gololi ikigonga msumari tungesikia, na hii imegeuka kimyakimya. Nilifurahi mno, kwa sababu ndiyo fizikia yenyewe. Katika jaribio ambalo ubao huu unaliiga, chembe ya alfa, ambayo ni chembe ndogo yenye chaji chanya, haigongi kiini cha dhahabu, yaani kitovu cha atomi yake. Inasukumwa na chaji chanya ya kiini, na kadiri inavyokaribia ndivyo msukumo unavyozidi. Kilima kimechongwa kufuata kanuni hiyo. Aliyekibuni alijua anachofanya.

Baada ya zoezi hilo, kuwaeleza habari za jaribio lenyewe, lililofanyika Manchester, Uingereza, ni rahisi. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu Marsden akiwa bado mwanafunzi wa miaka 20, walikaa gizani wakihesabu vimweko kwenye kioo kilichopakwa salfidi ya zinki. Walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba za metali, wakakuta takriban moja katika kila 8,000 inarudi nyuma. Hapo ndipo nawapa wanafunzi tufe la Thomson walishike. Chaji chanya iliyotandazwa hivyo kwenye tufe zima ingewezaje kurudisha chembe inayokwenda kwa kasi ile? Haiwezi. Mwaka 1911 Rutherford akahitimisha kwamba chaji hiyo, pamoja na karibu uzito wote wa atomi, imebanwa mahali padogo sana katikati.

Sasa pete za Bohr. Waya ni imara, shanga zinaingia vizuri, na kuanzia hidrojeni hadi agoni utafundisha bila shida. Tatizo linaanza kwenye potasiamu. Pete ya tatu ina nafasi 18, kwa hiyo mwanafunzi aliyeijaza 8 anaona bado kuna nafasi 10 wazi, anaweka elektroni ya 19 hapohapo na kuandika 2:8:9, yaani idadi ya elektroni kwa kila pete, au ganda, kuanzia ndani. Hana kosa, kifaa ndicho kimemwelekeza huko. Kijitabu hakisemi neno. Ni lazima mwalimu aeleze kwamba ganda la tatu kweli linaweza kubeba elektroni 18, ila kwenye potasiamu elektroni ya mwisho inakuwa na nishati ndogo zaidi ikikaa ganda la nne, ndiyo maana tunaandika 2:8:8:1, na ndiyo maana potasiamu inamenyuka na maji kama sodiamu na lithiamu, ambazo nazo zina elektroni moja kwenye ganda la nje. Mimi nimeziba zile nafasi 10 kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Tukifika kwenye skandiamu, ambako ganda la tatu linapokea elektroni ya tisa, nitaubandua.

Bango ndilo lililoniudhi. Atomi nne zimepangwa kushoto kwenda kulia, Dalton 1808, Thomson 1904, Rutherford 1911, Bohr 1913, rangi nzuri, herufi kubwa. Lakini atomi ya Rutherford imechorwa na nyutroni, chembe zisizo na chaji, ndani ya kiini! Nyutroni ilithibitishwa na James Chadwick mwaka 1932. Mwaka 1911 hata jina la protoni, chembe chanya ya kiini, lilikuwa halijaanza kutumika. Ya Bohr nayo ina kosa hilohilo. Mtoto anayelitazama bango hilo kila siku ataamini watu hawa walikuwa wanapamba mchoro tu, kila mmoja akiongeza kitu, wakati kila mchoro ulibadilika baada ya kipimo fulani kuukataa ule wa mwanzo. Halafu bango linaishia 1913. Hakuna Schrödinger, mwanafizikia aliyetoa mlinganyo wa elektroni mwaka 1926, hakuna hata sentensi moja inayosema kwamba elektroni haizunguki kwenye reli kama pete zinavyoonyesha, na kwamba tunachoweza kukokotoa ni uwezekano wa kuikuta mahali fulani. Kidato cha pili hawahitaji milinganyo, lakini wanastahili kuambiwa.

Ukubwa pia umeachwa hivihivi. Kiini cha kaboni humu kina upana wa sentimita 3 na pete ya nje haizidi 25. Kwa vipimo halisi, kiini hicho kingetaka atomi yenye upana unaokaribia mita 800. Sidai sanduku liwe na upana huo, nadai mstari mmoja kwenye kijitabu. Mimi nilimweka kijana na kile kiini katikati ya uwanja wa mpira, nikawaambia wenzake waende golini. Huko nikawaambia bado wako ndani ya atomi.

Kwa Bohr hakuna jaribio lolote, na hilo ni pengo, kwa sababu mwanafunzi anaonyeshwa pete bila kujua zimetoka wapi. Zilitokana na mwanga: mstari mwekundu wa hidrojeni, nanomita 656, unaotoka elektroni ikishuka kutoka ganda la 3 hadi la 2. Tafuta CD ya zamani, izungushe chini ya taa ya tyubu ya kizamani (si ya LED) hadi uone rangi zimejitenga kwa vipande, kisha ilinganishe na mwanga wa balbu ya kizamani ya waya, ambayo rangi zake zinaungana bila kukatika. Taa hiyo ya tyubu ina mvuke wa zebaki, hidrojeni haimo, lakini hoja ni ileile: atomi hutoa rangi fulani tu, kwa sababu elektroni zake hushuka kati ya maganda fulani tu.

Kama una darasa, nunua. Bango ama ulikate nusu, ama uwape wanafunzi walisahihishe kwa kalamu nyekundu, wangu walifurahia sana. Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani, ulizia kama wanauza ubao wa gololi peke yake. Duka nililonunua mimi walikubali kumfungulia mteja mwingine boksi. Kabla ya kulipa hesabu shanga za kijivu, za nyutroni. Utahitaji 20 kwa kalsiamu, na boksi langu lilikuja na 18.