TAHADHARI: Mashine za unyevu "mpya" zinazouzwa L'shi

Ndugu wa Lubumbashi, kiangazi kikikaza, midomo ikipasuka na milango ya mbao ikianza kuachia, wauzaji wa mashine za kuongeza unyevu hujitokeza kwenye makundi ya WhatsApp. Yupo mmoja anayeuza zile za kufungwa kwenye mabomba ya hewa ya klima (kiyoyozi) ya nyumba nzima. Anasema ni mpya na "zimebadilishwa kwa umeme wa Kongo". Kilichobadilishwa ni plagi.

Mwambie afungue kifuniko, usome transfoma. Ukikuta 120V 60Hz upande wa kuingilia, hiyo imetengenezwa kwa Marekani. Umeme wetu ni 220V 50Hz, na ukiiwasha itaungua. Inayopitisha maji kwa valvu tu, bila feni, inaokoka kwa transfoma ya 220V kwenda 24V ambayo VA zake (uwezo wa kubeba mzigo, ulioandikwa juu yake) hazipungui za ile ya zamani. Yenye feni ya 120V iache. Atakuambia ununue transfoma kubwa ya kushusha umeme: hiyo inashusha volti, haigusi hezi, na mota ya 60Hz ikipewa 50Hz huzunguka polepole na kupata joto.

Udanganyifu mkubwa zaidi uko kwenye pedi, ule wavu wa alumini uliopakwa udongo ambao maji hutiririkia. Maji ya hapa yanatoka kwenye miamba ya chokaa na dolomiti, kwa hiyo pedi huziba haraka. Ya msimu mmoja ni ya kutupwa. Hawa huiokota, huiloweka kwenye asidi hadi chokaa itoke, kisha huifunga kwenye nailoni safi. Asidi inaondoka pia na ule udongo, na bila udongo maji hayasambai. Kabla hujalipa, simamisha pedi na umwagie glasi ya maji juu, taratibu. Nzima hulowa yote na kubadilika rangi. Iliyooshwa hupitisha maji kwa michirizi, katikati inabaki kavu. Kunja pembe pia: ukiona unga mweupe, mrudishie.

"Dawa ya kusafisha" ya kijani anayoiuza pamoja na mashine haina kazi. Trei hulowekwa nusu saa kwenye siki nyeupe na maji, kiasi sawa kwa sawa, kisha husuuzwa. Usichanganye siki na javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) hata tone: inatoa gesi ya klorini.

Fundi anayekuja naye ana wimbo mmoja: "valvu imekufa". Maji ya bomba yakirudi baada ya kukatika huleta tope, nalo huziba kichujio kidogo na tundu la kupitishia maji, basi. Pandisha kidhibiti cha unyevu, usikilize. Valvu ikilia "tak" na maji hayaji, funga maji, toa kichujio ukioshe, tundu ulipulize. Usilichokonoe kwa waya, utalipanua. Isipolia, pima kwa multimeta kwenye waya zake. Ikifika 24V na bado kimya, hapo valvu ni mbovu kweli. Isipofika, tatizo liko kwenye transfoma, kidhibiti au waya, na valvu mpya ni pesa ya bure.

Kile kipimo cha unyevu anachokupa kama zawadi kijaribu: kizibo cha chumvi iliyoloweshwa kidogo (isiyeyuke yote), kiweke na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, usiku kucha. Kinatakiwa kusoma karibu 75%. Vingine vinaganda kwenye namba moja tu. Nyumbani 40 hadi 50% inatosha; ukipita 60% unafuga ukungu.

Na anaposema mashine italeta baridi mwezi wa kumi, anakudanganya. Isiyo na feni inategemea hewa ya moto. Klima ikiwa kwenye baridi, maji mengi yanaishia kwenye bomba la kutolea.

Avansi kwa pesa ya simu asipewe. Akikataa kufungua kifuniko mbele yako, mwache aondoke nayo.