Numbeo: Je, Inatosha Kukadiria Mshahara wa Kuishi Vizuri Katika Jiji Ghali?

Anayepewa kazi katika jiji ghali hujiuliza swali zito kabla ya kusaini mkataba: je, mshahara huu utaniwezesha kuishi kwa utulivu, au wote utaishia kulipia pango la nyumba? Wengi hulipeleka swali hilo kwenye tovuti ya Numbeo, inayolinganisha gharama za maisha za majiji na iliyoanzishwa na Mladen Adamović mwaka 2009, nami naipendekeza kwa dhati, mradi mtumiaji aelewe inapima nini.

Ubora wake mkubwa ni uwazi. Bei huchangiwa na watumiaji wenyewe, na ukurasa wa jiji huonyesha wastani pamoja na kiwango cha chini na cha juu, kisha hutaja idadi ya wachangiaji na wakati data zilipohuishwa. Maelezo hayo ya mwisho yafaa yasomwe kwanza, kwa kuwa wastani uliotokana na watu wachache hauwezi kutegemewa katika uamuzi wa kuhama.

Fahirisi zake, yaani namba za kulinganisha majiji, huipa New York 100 kama kipimo, lakini ile ya gharama za maisha haihesabu pango, ambalo lina fahirisi yake. Vivyo hivyo, makadirio ya matumizi ya mtu mmoja na ya familia ya watu wanne hayana pango. Anayesoma haraka huliacha nje tumizi ambalo katika majiji ghali aghalabu ndilo kubwa kuliko yote.

Upungufu ninaoulalamikia zaidi ni kwamba tovuti hupima matumizi, ilhali kuishi vizuri kunahitaji pia akiba, fedha za dharura na uwezo wa kuwasaidia wanaokutegemea. Tena zana yake ya kulinganisha majiji hukusudia mshahara uliobaki baada ya kodi, wakati waajiri wengi hutaja mshahara kabla ya makato. Kwa hiyo hesabu lazima uimalizie mwenyewe. Tuseme pango na matumizi ni 2,400 kwa mwezi, nawe unataka kuweka akiba asilimia 20 ya unachopokea: gawanya kwa 0.8, upate 3,000. Makato yakiwa asilimia 25, gawanya tena kwa 0.75, upate 4,000, na hicho ndicho kiasi cha kudai mezani. Kuongeza asilimia 20 juu ya 2,400 hukupa 2,880 tu, na akiba haitafikia lengo.

Kanuni ya kutumia asilimia 30 ya mapato kwa pango ni rahisi zaidi, lakini humpa jibu lilelile mseja na mzazi anayelipia chekechea, iwapo pango lao ni sawa, na kwa sababu hiyo naiona dhaifu kuliko jedwali la Numbeo. Pango lenyewe, hata hivyo, lilinganishwe na matangazo ya sasa ya nyumba katika mitaa unayokusudia kuishi, maana pango linapopanda kwa kasi, wastani wa michango ya miezi iliyopita hubaki nyuma.