Siku Nzima ya Sumo Ryogoku: Uzoefu Wangu

Yeyote anayepata nafasi ya kutazama mashindano ya sumo katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, Tokyo, ninamshauri aingie asubuhi, wakati viti vingi bado viko wazi, badala ya kungoja alasiri kama wafanyavyo wageni wengi. Tiketi ni ya siku nzima, na anayechelewa hapunguziwi bei. Lakini sababu yangu kubwa si fedha. Nimefanya karate tangu nikiwa sekondari na nimesoma kila nilichokipata kuhusu Japani na sanaa zake za mapigano, ila uzito wa daraja katika maisha ya mwanamieleka wa sumo niliuelewa siku nilipokaa ukumbini nikatazama madaraja yakipanda mbele yangu, saa baada ya saa.

Sumo ya kulipwa ina mashindano makuu 6 kwa mwaka, kila moja la siku 15, na Tokyo hupokea yale ya Januari, Mei na Septemba. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1985, huchukua watu wapatao 11,000, na kutoka kituo cha treni cha Ryogoku unafika kwa miguu baada ya dakika chache tu. Nje hupepea bendera ndefu za rangi zenye majina ya wanamieleka.

Asubuhi huwa zamu ya vijana wa madaraja ya chini. Mikanda yao ni ya pamba, hawarushi chumvi, na hupewa dakika 2 tu za kujiandaa kabla ya kukabiliana. Ukumbi ukiwa na watu wachache, unasikia vifua vikigongana na unasikia pumzi zao. Kati ya madaraja 6, mawili ya juu tu, Makuuchi na Juryo, yenye wanamieleka 70 kwa jumla, ndiyo yanayolipwa mshahara wa mwezi. Wengine wote hupata malazi na chakula katika kambi zao pamoja na posho ndogo. Wale 70 hupambana kila siku, ilhali walio chini yao hupata mapambano 7 tu katika siku zote 15, kwa hiyo kila pambano lina uzito mkubwa mno.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, sehemu bora ya siku nzima ni mapambano ya mwisho ya Makushita, daraja la tatu kutoka juu, yanayochezwa karibu na saa za Juryo kuanza. Hapo utamkuta kijana anayesaka mshahara wake wa kwanza akikabiliana na mtu mzima aliyewahi kuwa juu, akashuka kwa sababu ya jeraha, na sasa anapigania kurudi. Aliyeshuka hupoteza mshahara, mkanda wa hariri na vijana waliokuwa wakimhudumia. Mtazamaji anayefika saa kumi alasiri hukosa yote haya.

Juryo wanapoingia, kila kitu hubadilika: hariri, chumvi inayorushwa hewani, na muda wa maandalizi unaofika dakika 3, kisha 4 kwa Makuuchi. Ukomo wa muda uliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1928, redio ilipoanza kutangaza sumo, na wakati huo ulikuwa mrefu kuliko wa sasa. Wapo wanaochoshwa na kuchuchumaa na kutazamana huko, lakini kwangu mimi hiyo ni nusu ya pambano, maana mara nyingi unaona nani ameanza kuyumba kabla hawajagusana. Nilimkumbuka sana Osunaarashi wa Misri, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa, aliyeanza chini kabisa mwaka 2012 na kufika Makuuchi mwaka uliofuata. Mwaka 2014 aliwaangusha yokozuna wawili, wenye cheo cha juu kuliko vyote, katika siku mbili mfululizo.

Kuhusu viti, mimi nilichagua vya ghorofa ya juu, na nisingebadilisha. Vile vizimba vya chini, ambamo watu huvua viatu na kukaa sakafuni juu ya mito, viko karibu na ulingo, lakini kutoka juu unaona duara lote la mita 4.55 na miguu ya wote wawili, ambako ndiko ushindi unakoamuliwa. Paa la ulingo huning'inia bila nguzo, kwani nguzo ziliondolewa mwaka 1952 ili zisiwazibe watazamaji.

Tiketi huanza kuuzwa takriban mwezi mmoja kabla na huisha haraka. Nunua mapema kwa wauzaji rasmi, kwa sababu wakala mmoja wa mtandaoni aliniuzia kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile iliyochapishwa kwenye tiketi yenyewe. Na ukiweza, chagua siku mojawapo kati ya 12 za mwanzo: kuanzia siku ya 13 vijana wengi wa chini huwa wamebakiwa na pambano moja tu, kwa hiyo mapambano yao ya kila siku hupungua, na ratiba huanza asubuhi ikiwa imesonga sana.