Karura kila tarehe 26 Desemba, na hii ilikuwa mara ya saba

Kwetu Krismasi ikiisha hakuna kulala, kesho yake asubuhi watu wote wanavaa raba tunaenda Karura, ule msitu wa hapa Nairobi, mama yangu, sisi, watoto na yeyote amekuja kutoka ushago. Miaka saba sasa kwa hivyo acha niseme vile naona.

Huwa tunaingilia geti ya Limuru Road. Nendeni mapema, saa moja na nusu hivi, ikifika saa nne ni watu tu na baiskeli na huwezi tembea watano mkiwa mmeshikana mikono. Kulipa ni kwa simu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja wacheni nyumbani, haziruhusiwi misituni tangu 2020, sisi tunabeba themosi ya chai na chupa za chuma. Kupotea ni ngumu kwa sababu kila njiapanda iko na kibao cha namba, watoto wangu wamefanya hiyo mchezo, anayeona namba kwanza anachagua njia.

Kwanza maporomoko, halafu mapango. Mama ako na miaka 71 na magoti yanamsumbua lakini lazima asimame hapo aambie watoto vile wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na kila mwaka hiyo stori inaongezeka kidogo. Safari hii mtoto wangu mdogo akamuuliza, shosho, huu msitu ni wa nani? Akaambiwa ulikuwa umeshakatwa ploti za wakubwa, Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akaenda kupanda mti hapo 1999 akapigwa akapasuliwa kichwa, na bado hakunyamaza. Mtoto alinyamaza mpaka tukafika mtoni, na huyo huwa hanyamazi.

Binamu yetu amekuja likizo kutoka California, akatuonyesha picha za Muir Woods huko karibu na San Francisco, miti ya redwood, mingine inapita mita 70, na ukienda na gari lazima ubuku parking mbele, na ukifika netwaki hakuna. Mama akaiangalia hiyo picha weee, akasema, sasa kuni ya huko mtu anaipasua na nini? Yeye na miti yake ya mihugu ya hapa Karura wameridhika.

Mabaya? Kima. Tuligeuka kuangalia mbega juu ya mti, wale weusi na mkia mweupe mrefu, kumbe kima ameshuka nyuma yetu akachukua chapati tatu na karatasi yake. Bebeni chakula kwa kontena ya kufunga. Pia kuna jamaa alikuwa ameachilia mbwa wake bila kamba, mtoto akapanda mgongo wangu na hakushuka nusu saa.

Kama mvua imenyesha, njia ya mapangoni ni matope na kile kilima cha kutoka mtoni si cha mtu wa magoti, tulipumzika mara nne. Nyota nne kwa tano. Mama anasema tano.