Jioni tatu za Mwalimu kabla ya kuvuka kwenda Ngazija: uzoefu wangu

Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Mtwara, na mwezi wa nane mwaka jana nilikwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro ulio kisiwani Ngazija, kwa mara ya kwanza. Kabla ya safari nilimlipa shilingi 30,000 mwalimu mstaafu wa jiografia anayekaa Mikindani, ambaye huwafundisha watu wanaokwenda Visiwa vya Komoro. Ni jioni tatu, kuanzia saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi, barazani kwake, kahawa juu yake. Wengi wameniuliza kama kuna haja ya kutoa hela ili ufundishwe nchi utakayokwenda kuiona kwa macho yako mwenyewe. Nasema ipo. Ila kuna kitu kimoja ninachomdai Mwalimu, na nitakieleza kama kilivyonipata.

Tulikuwa watu watano. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: kutoka Mtwara, wapi ni karibu zaidi, Dar es Salaam au Moroni? Sote tukasema Dar, wala hatukufikiri. Mwalimu akatoa uzi wa kushonea nyavu, akaunyoosha juu ya ramani kuukuu iliyobandikwa ukutani, akapima mbele yetu. Moroni ni kama kilomita 370. Dar, hata ukipita angani moja kwa moja, inakaribia 400, na kwa barabara ni zaidi ya 550. Nimezaliwa Shangani hapa hapa Mtwara, bahari hii nimeitazama tangu sijajua kusema, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ng'ambo yake kuna mji mkuu wa nchi nyingine ulio karibu nasi kuliko Dar.

Kisha akaweka chini sinia kubwa la mchanga, akapanga vifuu vinne kwa mshazari, kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki: Ngazija, Mwali, Nzwani, na Maore, ambayo wengi huiita Mayotte. Ngazija, kilicho karibu nasi, ndicho kikubwa na ndicho kichanga. Maore, kule mwisho, ndicho kikongwe. Vyote vimezaliwa na volkano, akasema, lakini si kwa wakati mmoja, na umri wa kisiwa ndio utakaokuambia kama utakuta mto au hutaukuta. Hatukumwelewa. Akaingia ndani, akarudi na chungio lililojaa vipande vya mkaa, na kopo la maji. Akamimina. Maji yakapita yote yakaishia mchangani, juu pakabaki weusi mtupu. "Hiyo ni Ngazija," akasema. Akachukua kigae cha chungu kilichopakwa udongo wa mfinyanzi, akamimina tena. Safari hii maji yakatuama kidogo, yakatafuta njia, yakachuruzika pembeni. "Na hiyo ni Nzwani."

Kwa maneno machache: Ngazija mvua inanyesha sana, lakini mawe yake bado ni mapya na yana matundu, maji yanazama. Hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Watu wanakinga maji ya mvua na kuyaweka kwenye matangi ya saruji. Visiwa vilivyozeeka zaidi vina udongo mzito na vijito, ingawa Nzwani misitu imekatwa sana milimani na vijito vingi siku hizi hukauka kiangazi. Juu ya Ngazija yote umesimama Karthala, mlima wa volkano wenye mita 2,361, na bado uko hai. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaingia kwenye matangi, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa maji safi ya kunywa.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mwenyeji wangu ni mama mfanyabiashara anayekuja Dar kununua kanga na vyombo, na korosho zangu anazichukua kwa jumla. Nyumbani kwake, mji wa Iconi, kusini kidogo ya Moroni, tangi liko uani, na juu ya mfuniko wake amelaza kata ya kifuu. Siku ya kwanza nilichota nusu ndoo ya kuoga nikaona inatosha. Mama yule alinitazama, akaniuliza nimejifunza wapi. Wageni wengi, alisema, humwaga maji kama wako mtoni. Nilimsimulia habari ya mkaa na chungio akamwita mama yake aje asikie, na yule bibi akaanza kusimulia majivu ya Novemba: jinsi walivyoamka wakakuta mchana umekuwa giza, na tangi lote limegeuka tope la kijivu.

Jioni ya pili ilikuwa ya historia, na hapo Mwalimu huinuka mwenyewe kitini. Alianzia Kilwa, si Komoro. Ile habari ya kale ya Kilwa tuliyoisikia shuleni, ya sultani wa Shirazi na wanawe waliopanda majahazi saba, kila mmoja akatua pake, sisi husimuliwa ile jahazi iliyotia nanga Kilwa tu. Mwalimu akatuuliza: na hizo nyingine? Moja, habari yenyewe inasema, ilitua Nzwani. Wanahistoria wa leo hawaichukui hadithi hiyo neno kwa neno, kwa kuwa waliochimba magofu wameona miji hii ilikua kutoka kwa watu wa pwani wenyewe. Lakini kwamba Kilwa na Nzwani zilijihesabu ndugu wa baba mmoja, hilo limeandikwa tangu mamia ya miaka. Mimi Kilwa Kisiwani nimefika mara mbili, nimekaa chini ya yale matao ya msikiti mkuu. Niliposimama mbele ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani pale bandarini Moroni, mweupe, matao yake juu ya maji, wenye tarehe ya 1427, sikujiona nimetoka nje ya nchi. Nilijiona nimekwenda kwa ndugu wa upande wa pili.

Akaongeza samaki. Gombessa, yule samaki wa kilindini ambaye wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na wavuvi wa kule walikuwa wakimjua kwa jina siku zote. Mwaka 2003 wavuvi wetu wakamnasa karibu na Songo Mnara. Timu ya taifa ya Komoro inajiita kwa samaki huyo, na ndiyo iliyoifunga Ghana 3-2 kwenye mashindano ya Afrika Januari 2022, kisha ikacheza na Kameruni ikiwa na beki golini kwa kuwa makipa hawakupatikana. Moroni ukitaja mechi hiyo tu, umepata marafiki duka zima.

Halafu upepo. Kusi na kashkazi ni zile zile: mvua na joto kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukavu. Mwalimu alitukumbusha Aprili 2019, siku ile tuliyoambiwa tuhame mabondeni, shule zikafungwa. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimepita kwanza kaskazini ya Ngazija usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha kikateremka Msumbiji. Siku ile nilikuwa nimejifungia ndani na wanangu, redio sikioni, na sikujua hata kidogo kwamba kuna watu walioamka asubuhi hiyo migomba yao yote iko chini.

Lugha aliipa muda mdogo kuliko nilivyotaka, ila alichotoa kilikuwa dhahabu. Shikomoro na Kiswahili ni ndugu, na ndugu ndio wanaochanganyana. Mkubwa unamwamkia "Kwezi," naye anaitikia "Mbona." Kama hukuambiwa, utadhani bibi wa watu anakuuliza mbona umekuja. Na "marahaba" kule ni asante. Kwa hiyo mtoto mdogo akipewa andazi na nyanya yake anasema "marahaba," nawe uliyezoea shikamoo unashtuka kidogo kila mara. Mkate wa ufuta wanauita mkatra futra, na ladha ni ile ile.

Jioni ya tatu ilikuwa ya mila. Ngazija mwanamume hahesabiwi mtu kamili hadi afanye ada, yaani ndoa kubwa, inayoweza kumgharimu akiba ya miaka mingi. Akishaifanya anaingia katika wandru wadzima, watu wazima, wale wanaosema barazani wakasikilizwa. Wengi huifanya Julai na Agosti, ndugu zao waliohamia Ufaransa wanaporudi likizo. Lakini kilichonigusa ni nyumba. Nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti tangu mdogo, tofali kwa tofali, na mume ndiye anayehamia. Ardhi ya ukoo hupita kwa mama kwenda kwa binti, wanaiita manyahuli. Kwa mama yangu sisi ni Wamakonde, ukoo wetu tunauhesabu kwa mama, na nimeshachoka kueleza jambo hilo nikiwa Dar. Iconi sikuhitaji kueleza. Mwenyeji wangu alinishika mkono akanionyesha ghorofa ya pili isiyoezekwa, nondo zimechomoza angani, akasema hiyo ni ya bintiye wa mwisho, ana miaka tisa. Asubuhi ya sherehe wanawake wamepaka nyuso msindzano, yaani urembo wa msandali, nikamkumbuka bibi mzaa mama, aliyekuwa rafiki wa Wamakua, na nyuso zao nyeupe za nsiro.

Sasa deni langu kwa Mwalimu.

Siasa alizipitia haraka sana, jioni ya pili, adhana ikiwa karibu. Uhuru 6 Julai 1975. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, akapinduliwa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mamluki wa Kifaransa Bob Denard akaja na mapinduzi ya 1978. Abdallah akauawa 1989. Nzwani ikajitenga 1997, na mwezi Machi 2008 askari wetu wa JWTZ wakiwa pamoja na wa Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, wakatua Nzwani kumng'oa mtawala wa kisiwa, Mohamed Bacar. Kuhusu Maore alisema sentensi moja: kisiwa cha nne kilibaki kwa Ufaransa. Akakiondoa kifuu cha nne kwenye sinia, akakiweka pembeni.

Nami nikaenda nacho hivyo hivyo pembeni. Siku ya tatu Iconi, tukiwa tunakula, mtu akataja Maore, na mimi kwa nia ya kuonyesha kwamba nimesoma nikasema, "Ah, Maore si ndiyo ile ya Wafaransa?" Mikono ikasimama juu ya sinia. Yule bibi akainuka taratibu akaingia ndani.

Baadaye mwenyeji wangu alinieleza. Kura ya maoni ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru karibu kwa kauli moja, Maore wengi wakakataa, na Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa. Umoja wa Mataifa ulivitambua vyote vinne kuwa nchi moja, na bendera ya Komoro hadi leo ina nyota nne. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda kisiwa ambacho bibi yake alikuwa akienda kuzika na kuozesha. Wasioipata hupanda kwasa-kwasa, boti ndogo za uvuvi, usiku, kutoka Nzwani, kama kilomita 70, na wengi mno wamezama. Kaka yake mwenyewe alivuka hivyo. Alifika salama. Desemba 2024 kimbunga Chido kilipoivunja Maore, vibanda vya mabati vya watu kama yeye vilikwenda vyote, na kwa siku sita mama yake hakujua kama ana mwana au hana. Yuko hai. Lakini karatasi hana, akitoka hatarudi, na mama yake hajamwona kwa miaka kumi na moja.

Nilikwenda chumbani kwa yule bibi nikamwomba radhi. Nikaanza na "kwezi," kwa kuwa sikuwa na neno lingine. Akaniitikia, akanisogezea mkeka.

Niliporudi nilikwenda Mikindani moja kwa moja na kilo mbili za korosho za kuokwa, nikamwambia Mwalimu yote. Hakujitetea. Alinyamaza kitambo, akaleta lile sinia, akakirudisha kifuu cha nne mahali pake, akaniomba nije siku ya historia kwa kundi linalofuata niwasimulie mwenyewe. Nimeshakwenda mara mbili. Sasa Maore ina nusu saa yake, na siasa amezitoa kwenye ukingo wa magharibi akaziweka mwanzo wa jioni.

Kwa anayetaka kwenda: bei bado ni 30,000 kwa jioni zote tatu, na ukikosa moja anakuruhusu kuifidia na kundi lingine. Mambo ya hela hafundishi vizuri, kwa hiyo niyaseme mimi: chukua yuro, kwa sababu faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro moja sawa na faranga karibu 492, na hesabu haikusumbui. Andika anachosema, maana karatasi hagawi. Na ukibahatika kufika Ngazija asubuhi mapema, pita karibu na mashamba ya milangilangi kabla jua halijapanda, wakati wanawake wanachuma maua. Harufu ile Mwalimu alijaribu kutueleza kwa maneno mengi akashindwa, na mimi pia sitaiweza.