Ofisi ya kijiji kama masijala: kinachopatikana, kinachopotea, na pa kukimbilia

Ukitafuta kumbukumbu za umma kijijini Tanzania, mlango wa kwanza ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji. Huduma yake inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Mara nyingi kasoro huanzia kwenye ombi lenyewe: mtu anaingia na kusema anataka "taarifa za shamba la marehemu baba", wakati Mtendaji hana kompyuta wala orodha ya mafaili, ana kabati la chuma na madaftari. Taja karatasi kwa jina lake, mwaka na kitongoji, mambo yatakwenda. Na kabla hujafunga safari, jua ni ofisi gani nyingine yenye nakala ya hicho unachokitafuta, maana kabati la kijiji lina adui wengi.

Mihtasari ya vikao ndiyo huduma bora kuliko zote. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hutakiwa kukutana kila mwezi, na mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mingi bado inaandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, kwa kufuata tarehe, hivyo hata usipoujua mwezi, mwaka peke yake unatosha kuanza kupekua. Soma orodha ya mahudhurio, azimio lenyewe, na saini za mwenyekiti na mtendaji. Kisha usifunge daftari: nenda kwenye kikao kilichofuata, pale kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita. Hapo ndipo wengi huumbuka. Azimio la kumgawia mtu ardhi lipo, mhuri upo, lakini muhtasari haukuthibitishwa, au suala halikupelekwa mkutano mkuu kuridhiwa. Kesi ikifika mbele, upande wa pili utaanzia hapohapo. Chukua kurasa zote mbili, ya kikao cha uamuzi na ya kikao cha uthibitisho.

Kwenye ardhi huduma inategemea kijiji kimefika wapi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji chenye Cheti cha Ardhi ya Kijiji na masijala yake huweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo husainiwa kijijini, husajiliwa wilayani, na nakala hubaki sehemu zote mbili. Kwa hiyo mwenye hati iliyoungua au kuibiwa hana sababu ya kubishana kijijini: aandike namba ya hati, au jina na kitongoji, aende ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Kijiji kisicho na masijala kitakuonyesha makubaliano ya mauziano yaliyoandikwa kwa mkono, yenye mashahidi na mhuri. Ni ushahidi, lakini mipaka yake mara nyingi ni "mpaka mkwajuni". Mkwaju ukikatwa, mnabaki na mashahidi, kama wako hai.

Migogoro ya zamani iliyoamuliwa na mabaraza ya kata isitafutwe kijijini. Mafaili yake yaulizwe kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 mabaraza hayo hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha tu. Mirathi mingi iko Mahakama ya Mwanzo, na namba ya shauri ndiyo ufunguo.

Vizazi na vifo ndipo ofisi ya kijiji ilipo dhaifu. Cheti ni kazi ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kijiji hutoa barua tu. Kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa, vielelezo vizuri viko nje ya ofisi: daftari la ubatizo parokiani, kadi ya kliniki, na rejesta ya kuandikisha wanafunzi ya shule ya msingi, ambayo kwa kawaida huwa na mwaka wa kuzaliwa na jina la mzazi. Tafuta kwa majina yote anayojulikana nayo, la ubatizo, la ukoo na la nyumbani, tena kwa tahajia zote: Lameck aweza kuwa Rameki ukurasa uleule. Rejesta ya wakazi usiitarajie kuipekua yote. Ina taarifa binafsi za kaya za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa Mtendaji sababu halali ya kukuonyesha mstari wako tu.

Siku ya mnada au ya kikao cha kata utakuta kufuli, kwa hiyo piga simu kwanza. Nenda na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Daftari halitoki ofisini, na mashine ya fotokopi huenda iko steshenari ya senta, mbali. Omba dondoo inakiliwe kwa mkono, isainiwe na kupigwa mhuri, halafu piga picha ukurasa wote, tarehe ionekane. Ukiombwa pesa, omba risiti.

Kingine cha kuuliza ni makabidhiano. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, kama baada ya kila uchaguzi, viongozi walibadilika, na madaftari mengine hubaki nyumbani kwa mwenyekiti aliyetoka. "Halipo" huwa na maana ya "halijarudi". Mpigie hodi mzee huyo kwa adabu, ukiongozana na mjumbe wa halmashauri.

Ukizungushwa, acha maneno ya mdomo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika barua nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila tarehe hiyo siku 30 hazina pa kuanzia. Asiyejua kuandika aweza kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi lake. Muda ukipita, nakala yenye mhuri ipeleke kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ukiambatanisha maelezo ya karatasi uliyoomba na mwaka wake.